Fundi saa, pima mkanda!

Mhariri,

Nina dukuduku juu ya ndugu zetu wanaouza na kubadilisha mikanda ya saa za mkononi.

Mtindo wa wengi wao ni mmoja. Mteja anachagua mkanda kwa rangi, fundi anaupachika. Ukiwa mpana anaukata pembeni kwa wembe, ukiwa mwembamba anasema, "Utakaa tu, mzee." Na zile pini mbili zenye springi ndani, ambazo ndizo hasa zinazoshika saa, anarudisha zile zile za zamani hata kama zimepinda au zimeliwa na kutu. Hivyo ndivyo saa niliyopewa na wenzangu kazini nilipostaafu ilivyochomoka mkononi nikiwa kwenye pantoni la Kigamboni, ikazama baharini, mkanda ukiwa na wiki mbili tu! Pini mpya ni bei ndogo kuliko mkanda wenyewe.

Nauliza, kuna ugumu gani kupima? Nafasi iliyopo kati ya masikio ya saa, pale mkanda unapoingia, hupimwa kwa milimita. Saa nyingi za wanaume ni 18, 20 au 22, na rula ya mtoto wa shule inatosha. Mkanda wa 18 kwenye saa ya 20 unacheza huku na huku mpaka pini inachoka. Cheni nayo ipunguzwe vipande hadi ikae sawasawa, siyo kumwambia mteja aipandishe karibu na kiwiko.

Pia wauzaji wawe wakweli. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga anauziwa "ngozi halisi" ambayo ni plastiki iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu. Jasho la mwezi mmoja, inabanduka. Hata ngozi ya kweli haipatani na jasho wala maji, kwa hiyo mvuvi au mpagazi angeshauriwa kununua mpira au nailoni. Upo mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, ambao Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuwekea kanuni kwa ajili ya askari wake mwaka 1973. Huo hupita chini ya saa na kushika pini zote mbili. Moja ikikatika, saa inabaki inaning'inia kwenye ya pili. Kwangu mimi unashinda cheni zote zinazong'aa, ingawa najua vijana watanicheka.

Halafu kuna hili la ngozi yetu. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mafundi wetu wanashona makubazi yanayodumu miaka. Kipande kinachobaki baada ya kukata kubazi kinatosha mkanda wa saa. Kinachokosekana ni vipimo tu na mtu wa kuwakutanisha mafundi hao na wauza saa. Je, SIDO wanasemaje?

Mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam.