Cheo Si Ufunguo wa Kila Mlango

Hakuna askari aliyepita chuoni asiyekijua kitabu cha ghala la silaha. Bunduki hutolewa kwa namba, kwa jina na kwa saini, na jioni hurudishwa kwa utaratibu uleule. Mtunza ghala hamwulizi mtu ana nyota ngapi begani, bali humwuliza ana kazi gani na silaha hiyo. Ndiyo maana bunduki moja ikikosekana, aliyeichukua hujulikana kabla jua halijatua.

La kusikitisha ni kwamba nidhamu hii tumeiacha nje ya chumba cha mitambo. Siku hizi taarifa za makao makuu, za vikosi na za vituo vya polisi hupita katika swichi, yaani chombo kinachoziunganisha kompyuta na kuupeleka kila ujumbe kwa mwenyewe. Anayekitawala chombo hicho ameshika njia panda ya mawasiliano yote. Hata hivyo, tumewahi kuona kwa macho yetu, katika ofisi moja, neno la siri la swichi limebandikwa ukutani, likitumiwa na mafundi, makarani na hata afisa aliyekwisha kuhamishwa. Mambo yalipoharibika kila mmoja aliapa kwamba si yeye, wala haikuwapo njia ya kumwumbua mwongo.

Utaratibu wa kuviangalia na kuviongoza vyombo hivi kutoka mbali, uitwao SNMP, ulianza mwaka 1988. Katika matoleo yake ya awali mlinzi alikuwa neno moja tu, la watu wote, lililosafiri njiani bila kufumbwa. Vyombo vingi viliwekwa kazini na neno lilelile la mazoea, "public", ambalo dunia nzima inalijua. Lindo gani hilo, ambalo adui analijua neno lake kabla hajaulizwa?

Hasara yake si ya kubuni. Mwezi Aprili 2023, Uingereza na Marekani zilitangaza kwamba mwaka 2021 wajasusi wa jeshi la Urusi waliziingia ruta za Cisco kwa kupitia SNMP, wakitumia maneno dhaifu ya namna hiyo pamoja na kasoro ambayo kampuni ilikuwa imekwisha kuitangaza na kuitolea dawa tangu 2017. Walioathirika nchini Ukraine peke yake walikuwa 250 hivi. Adui hakuvunja ukuta. Alipita katika mlango ambao wenyewe hawakuufunga.

Dawa ipo. Toleo la tatu la utaratibu huo, lililokamilishwa kuwa kanuni rasmi Desemba 2002, linafuata desturi ileile ya ghala la silaha. Kwanza fundi huainisha maeneo ya swichi yanayoweza kuonekana. Pili huunda vikundi, na kila kikundi hupewa eneo la kusoma, eneo la kubadilisha na eneo la kupokea tahadhari. Tatu humwingiza kila mtu katika kikundi chake, kwa jina lake na neno lake la siri. Askari wa zamu asome tu. Fundi abadilishe yale yanayohusu kazi yake. Na kompyuta zinazoruhusiwa kubisha hodi zitajwe kwa anwani zao.

Hapa pana mitego miwili. Kanuni ina ngazi tatu za ulinzi: ya kutothibitisha wala kufumba, ya kuthibitisha bila kufumba, na ya kufanya yote mawili. Kwa majeshi, hapana budi iwe ya tatu. Tena, katika swichi za Cisco, kikundi ambacho hakikutajiwa eneo la kusoma huachiwa kusoma karibu kila kitu. Kunyamaza kwa fundi huwa ni ruhusa. Na kazi haijakamilika mpaka yale maneno ya zamani yafutwe, kwani haifai kitu kuweka kufuli mpya mbele na kuacha mlango wa nyuma wazi.

Tunajua wako watakaonung'unika: "Afande atanyimwaje ruhusa na koplo wa mawasiliano?" Jibu letu ni kwamba hanyimwi heshima, anapunguziwa mzigo. Kamanda asiye na ruhusa ya kubadilisha swichi hawezi kushukiwa ikiharibika, wala adui akiiba neno lake la siri hataweza kuizima. Wengine watasema vita havingoji fundi. Ni kweli, basi neno la dharura lifungwe katika bahasha yenye lakiri, lifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, na libadilishwe mara tu dharura inapokwisha.

Yatupasa, ndugu wapiganaji na polisi, kila anapohamishwa mtu, jina lake liondolewe katika swichi siku ileile anaporudisha bunduki. Yatupasa pia kuvikagua vikundi hivyo kama tunavyokagua ghala. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha. Makamanda na wawe wa kwanza kuomba ruhusa ndogo kwa majina yao wenyewe, na wadogo watafuata bila kusukumwa.