Usimlipe Fundi wa Tovuti Kabla Hujaona Malipo Yakikataa

Wajasiriamali wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu duka la mtandaoni. Hasa wewe ambaye tovuti yako imefika mwisho na fundi anasubiri hela yake ya kumalizia. Subiri kwanza, soma hii.

Mimi nauza mashuka na mapazia. Mwanzo nilikuwa napokea oda kwa WhatsApp, nikachoka kujibu "bei gani" mpaka usiku wa manane. Nikaamua kutengenezewa tovuti ambayo mteja analipa humo humo kwa simu. Fundi alifanya kazi nzuri, sina ubishi. Siku ya kukabidhi alikuja dukani, akafungua kompyuta yake, akachagua shuka, akabonyeza Lipa. Papo hapo ikatokea tiki ya kijani: "Malipo yamepokelewa, asante." Akarudia mara tano, tiki tano. Nikamlipa, tukaagana kwa furaha.

Wiki ya pili mteja wa mkoani akanunua seti ya shilingi 85,000. Akaweka namba ya siri, hela ikakatwa kwake. Lakini jioni ile mtandao ulikuwa mzito, uthibitisho ukachelewa kufika kwenye tovuti yangu. Tovuti ikasubiri kidogo, halafu ikamwandikia: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena." Akajaribu tena. Na tena. Jumla 255,000 kwa seti moja ya mashuka. Aliponipigia sauti ilikuwa inatetemeka, maana hela nyingine ile ilikuwa ada ya mtoto. Nilimrudishia ya ziada yote na makato nikayabeba mimi. Hakununua tena kwangu, na simlaumu.

Nilipomwita fundi nikamuuliza, "Mdogo wangu, si tulijaribu mara tano?" Akanijibu ukweli: "Dada, tulijaribu na seva ya kuigiza."

Ngoja nieleze kwa lugha yetu. Tovuti yako haijui yenyewe kama mteja amelipa. Inaiuliza seva ya kampuni ya malipo, halafu inasubiri jibu. Sasa fundi akiwa bado anajenga, hawezi kukata hela za watu kila anapojaribu kitufe. Kwa hiyo anaweka seva ya bandia kwenye kompyuta yake na kuiandikia majibu mapema: ukiulizwa hivi, jibu hivi. Tovuti inadhani inaongea na kampuni ya malipo, kumbe inaongea na faili lenye mistari michache.

Hapo hakuna utapeli. Ni njia sahihi, na mafundi makini duniani kote wanaitumia. Kuna programu za bure za kazi hiyo, kama Mockoon na WireMock. Tatizo la kwetu lilikuwa moja: fundi aliandika jibu moja tu, la "ndiyo", tena la haraka. Tovuti yangu haikuwahi kusikia "hapana" wala "subiri" hata siku moja.

Maoni yangu ni haya, na najua mafundi wengine hawatayapenda. Orodha ya majibu ya kuigiza asiiandike fundi peke yake. Iandike wewe mwenye duka, kaa naye. Yeye anajua kompyuta, wewe unawajua wateja. Ukimwajiri kijana mpya dukani, humfundishi kwa wateja wapole tu. Unamwambia: atakuja wa kukopa, atakuja wa noti mbovu, atakuja wa kubishana bei kisha aondoke. Tovuti nayo ni muuzaji wako. Ifundishwe hivyo hivyo.

Sisi tulikaa na daftari langu la mauzo, tukaandika yafuatayo:

1. Mteja hana salio la kutosha.
2. Mteja ameghairi mwenyewe.
3. Amekosea namba ya siri.
4. Jibu limechelewa sekunde 60.
5. Jibu halikuja kabisa.
6. Seva ya malipo ina hitilafu.
7. Uthibitisho wa malipo yale yale umefika mara mbili.

Kila moja fundi akaliandikia jibu lake kwenye seva ya kuigiza. Na majibu haya hayatungwi kichwani, yanachukuliwa kwenye maelekezo ya kampuni ya malipo yenyewe. Kwa mfano M-Pesa ya Vodacom hapa Tanzania ina mfumo wa mafundi wenye uwanja wake wa majaribio, na kila jibu lina namba. INS-0 ni ombi limekamilika vizuri. INS-5 mteja ameghairi. INS-9 muda umeisha. INS-10 muamala umejirudia. INS-2006 salio halitoshi. Pia kuna namba za seva kwa ujumla: 200 maana yake sawa, 500 hitilafu ya ndani, 503 huduma haipatikani kwa sasa. Huna haja ya kuzikariri. Mwambie tu fundi, "Nionyeshe tovuti ikipata hii," na wewe usome kile atakachokisoma mteja.

Hapo ndipo utashangaa. Kwangu, kati ya majibu saba, manne yalileta maandishi yale yale: "Jaribu tena." Mtu asiye na salio anaambiwa ajaribu tena. Mtu ambaye hela imeshakatwa anaambiwa ajaribu tena! Tukabadilisha. Sasa jibu likichelewa, mteja anasoma: "Bado tunasubiri uthibitisho. Tafadhali usilipe tena." Nyuma ya pazia tovuti inauliza hali ya muamala ule ule, haianzishi mpya. Na kila oda ina namba yake, kwa hiyo uthibitisho ukija mara mbili unahesabiwa mara moja.

Kuna watu wataniambia, "Dada unajisumbua, si ujaribu kwa hela halisi, shilingi 1,000 tu?" Jaribu, ni vizuri, na mimi nafanya hivyo mwishoni kabisa. Lakini huwezi kuuagiza mtandao ukatike saa nane mchana ili uone tovuti inafanyaje. Seva ya kuigiza unaiagiza chochote: ichelewe, ikatae, inyamaze. Unaiona siku ya shida kabla mteja hajaiona.

Nayo ina hatari zake, nisifiche. Kwanza, kampuni ya malipo ikibadilisha mfumo wake, seva yako ya kuigiza itaendelea kujibu ya zamani, na majaribio yote yatapita huku duka halisi linakwama. Kwa hiyo mabadiliko yakitangazwa, majibu nayo yasahihishwe. Pili, na hii ni mbaya zaidi: fundi akisahau kuondoa anwani ya seva ya kuigiza siku ya kufungua duka, kila oda itaonekana imelipwa wakati hakuna hata senti iliyoingia. Utapakia mzigo, utatuma kwa basi, jioni unaangalia salio, hamna kitu. Siku ya kwanza usitoe mzigo wowote bila kuona hela kwenye akaunti yako mwenyewe. Tiki ya kijani si hela.

Ushauri wangu kwa kifupi: hela ya mwisho ya fundi ifungwe kwenye majaribio haya, na yaandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo. Si kumkomoa. Fundi wangu mwenyewe alikiri kwamba hakuna mteja aliyewahi kumuuliza, "Na malipo yakikataa?" Wote wanataka kuona tiki. Sasa anaanza na swali hilo kwa kila duka analojenga, na bado nafanya naye kazi.

Kama tovuti yako tayari ipo hewani, hujachelewa. Mpigie fundi wako leo, muulize swali moja tu: jibu la malipo likichelewa dakika moja, mteja wangu anaandikiwa nini? Akikujibu "sina uhakika", basi kazi haijaisha.

Na wewe je, duka lako linamwandikia nini? Tuambie hapa chini, kuna mwenzako atajifunza kwako.