Tuijue ardhi tunayoikanyaga

Katika ramani wanazochora wanajiolojia kuonyesha vipande vilivyounda uso wa dunia, kimo kipande kimoja chenye jina la mto wetu: Bamba la Ruvuma. Mpaka wake wa magharibi unapita katika Ziwa Nyasa. Ule wa mashariki umo baharini, mbele ya pwani ya Mtwara na ya kaskazini ya Msumbiji. Mtwara, Mikindani, Newala, Masasi, pamoja na mdomo wenyewe wa mto kusini ya Msimbati, vyote vimepakiwa juu ya bamba hilo mithili ya abiria katika jahazi. Ni heshima kwa mto kutajwa katika elimu ya dunia nzima. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kulisikia jina hilo?

Wako watakaojibu kwamba mambo hayo ni ya wataalamu, na kwamba mwalimu wa kijijini au karani wa halmashauri ana kazi nyingine za kufanya. Kwa maoni yangu, jibu hilo si sahihi. Elimu ya mabamba inahusu gesi iliyo chini ya miguu yetu na usalama wa watoto wetu ufukweni. Tena si elimu ngumu. Ugumu wake umetokana na kuifundisha kwa mifano ya mbali, ilhali mifano iliyo bora tunayo hapa hapa kusini.

Tuanze na matope. Kila aliyepita kando ya mikoko wakati wa jua kali ameona jinsi matope yanavyokauka juu na kupasuka vipande vipande, huku chini yakiwa bado laini. Uso wa dunia umejengwa kwa namna inayofanana na hiyo. Tabaka la juu, lenye unene wa kilomita 100 hivi kwa wastani, ni gumu na limepasuka. Vipande vikubwa ni saba, na vidogo ni vingi. Chini yake upo mwamba wenye joto kali mno, ambao ingawa si majimaji, huenda polepole kadiri miaka inavyopita. Mwamba ulio moto zaidi hupanda na uliopoa huzama, kama maharage yanavyozunguka chunguni, na mabamba yaliyo juu hayawezi kutulia.

Aliyeipa nguvu hoja ya kwamba mabara yanahama alikuwa Mjerumani Alfred Wegener, mwaka 1912. Wataalamu wengi walimkejeli kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima. Alifariki mwaka 1930 huko Greenland kabla hajakubaliwa. Mmoja wa waliomtetea alikuwa Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa bado kijana, Holmes alikuwa ng'ambo ya pili ya Ruvuma, kaskazini ya Msumbiji, akitafuta madini na kuugua malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alieleza kwamba joto la ndani ya dunia ndilo linaloweza kuisukuma miamba hiyo. Ushahidi wa kutosha ulipatikana miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa na kuonekana kwamba inazaliwa upya katikati ya bahari na kusogea pande mbili.

Mabamba huwa na mienendo mitatu tu: hugongana, hupitana kwa kusuguana, au huachana. Mwalimu wa Mtwara anao mfano wa kila mmoja.

Mfano wa kugongana ni milima ya mawe ya Masasi. Mawe yale, ambayo kila msafiri wa Tunduru huyastaajabia, ni sehemu ya ukanda mkubwa wa miamba ambao Holmes huyo huyo aliupa jina la Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Ukanda huo ulikandwa na kupikwa katika vina virefu kati ya miaka milioni 700 na 500 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kuwa bara moja kubwa liitwalo Gondwana. Milima iliyoinuka wakati ule imekwisha kuliwa na mvua na upepo. Tunayoyaona leo ni mawe ya shina lake.

Mfano wa kusuguana ni Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Kisiwa hicho kilikuwa kimeshikamana na pwani ya Tanzania, Kenya na Somalia. Gondwana ilipoanza kuvunjika, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, Bukini iling'oka na kuteleza kuelekea kusini hadi ilipo sasa. Alama ya njia yake ingalipo: ni mgongo mrefu wa miamba chini ya bahari, mbele ya pwani yetu, unaoitwa Mgongo wa Davie. Katika nafasi iliyoachwa, bahari iliingia na kutoka mara kadhaa. Ushahidi wake uko Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, kwa jasho la mamia ya wachimbaji na wapagazi wa kusini. Tabaka zenye mifupa hiyo ya miaka milioni 150 hivi iliyopita zimepishana na tabaka zenye makombe ya baharini. Mnyama mmoja aliyetoka hapo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na urefu wake unapita mita 13.

Mfano wa kuachana ni Ziwa Nyasa. Hapo Bamba la Ruvuma linajitenga na sehemu kubwa ya Afrika. Sakafu ya ziwa imedidimia hata pahali penye kina kikubwa ni zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Mwaka 2014 Mtanzania Elifuraha Saria, wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu za mwendo wa mabamba ya Afrika Mashariki zilizotokana na vipimo vya setilaiti. Mwendo huo ni wa milimita chache kwa mwaka. Ni kidogo, lakini tupige hesabu: milimita mbili kwa mwaka ni mita mbili katika miaka elfu, na kilomita mbili katika miaka milioni. Ndivyo bahari zinavyozaliwa.

Sasa tuulize: mwananchi wa Mtwara anafaidika nini kwa kuyajua haya?

Kwanza, gesi. Bukini ilipojitenga, ardhi ya pwani ilididimia na kuwa bonde. Matope yenye mabaki ya mimea na viumbe wadogo yalijaa humo, kisha mito, Ruvuma ikiwa miongoni mwao, ikamwaga mchanga juu yake kwa mamilioni ya miaka. Uzito na joto viliyapika mabaki yale yakawa gesi. Gesi ikapanda, ikazuiwa na tabaka zisizopitisha kitu, na ikatulia katika vinyweleo vya mwamba wa mchanga. Ndiyo iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Tangu mwaka 2015 bomba limekuwa likiipeleka ile ya Mnazi Bay hadi Dar es Salaam.

Sote tunakumbuka kwamba mwaka 2013 Mtwara ilitikisika kwa sababu ya bomba hilo, na wenzetu walipoteza maisha. Sisemi kwamba somo la jiolojia lingeuzuia mzozo ule. Swali la nani apate nini ni la haki na la siasa, na halijibiwi kwa darubini. Lakini mwananchi anayejua kwamba gesi iliyopikwa kwa mamilioni ya miaka haiwezi kuota tena baada ya kuvunwa, kama korosho zinavyozaa kila msimu, atauliza maswali yaliyo mazito zaidi: Iko kiasi gani? Itadumu miaka mingapi? Itakapokwisha, itakuwa imetuachia shule, ujuzi na viwanda gani? Na mtumishi wa umma asiyejua hata gesi ilivyopatikana, atamjibu nini mwananchi huyo? Penye ujinga wa pande mbili, uvumi ndio huwa mwalimu.

Pili, usalama. Tarehe 26 Desemba 2004, majira ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, bamba moja lilichupa juu ya jingine karibu na Sumatra, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Sakafu ya bahari iliinuka ghafla na kuyasukuma maji. Zaidi ya watu 200,000 walikufa katika nchi nyingi. Mawimbi yaliifikia pwani yetu mchana, na watu wasiopungua 10 walifariki nchini Tanzania. Zilipita saa nyingi kati ya tetemeko na mawimbi, nasi tulizipoteza bila onyo. Wala hatari haitoki mbali tu. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilitokea chini ya bahari kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na majengo yakatikiswa mjini. Nyufa za bahari yetu wenyewe hazijafa.

Mama wa Msimbati aendaye kuokota pweza na chaza anayajua maji kuliko profesa yeyote. Anajua bamvua na maji mafu, na hesabu ya mwezi ameishika kichwani. Basi aambiwe neno moja tu la nyongeza: bahari ikikupwa ghafla kinyume cha hesabu hiyo, asifuate samaki waliobaki mchangani; achukue watoto akimbilie mwinuko, wala asirudi kwa kuona wimbi la kwanza limepita, maana la pili laweza kuwa kubwa zaidi. Vivyo hivyo kila anayehisi ardhi ya ufukweni ikitikisika kwa nguvu na kwa muda mrefu. Maneno hayo hayagharimu fedha. Yanataka mtu wa kuyasema, na anayeaminika kijijini ni mwalimu na mtendaji wa kata.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wawatoe watoto darasani: wawapeleke penye matope yaliyopasuka, wawaonyeshe mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba kongwe za Mikindani, wawaulize yamefikaje nchi kavu. Wafundishe kwa Kiswahili kilichonyooka, ili mtoto atakapolikuta somo hilo sekondari kwa Kiingereza awe analifahamu tayari, badala ya kulikariri kama kasuku. Nao watumishi wa wilaya za pwani wahakikishe kwamba kila kijiji cha ufukweni kinajua mwinuko wake wa kukimbilia, na kwamba tahadhari ikitolewa mjini haiishii mezani.

Bamba la Ruvuma litaendelea na safari yake, tukilijua tusilijue. Tulio juu yake tusikubali kuwa shehena. Abiria mwenye akili huuliza chombo kimeundwa kwa nini, kinakwenda wapi, na upepo ukichafuka afanye nini.