Mchujo wa Wanagenzi wa Programu Huria na Lugha ya Mwombaji: Mtazamo kutoka Sanya Juu

Programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake umewekwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kuusambaza, haziwezi kudumu pasipo wachangiaji wapya. Kwa sababu hiyo kumeanzishwa mipango ya ulezi, ambamo mwanagenzi hufanya kazi kwa miezi kadhaa chini ya mlezi mzoefu na kulipwa posho. Miwili inafahamika zaidi: Google Summer of Code, ulioanza mwaka 2005, na Outreachy, ambao chimbuko lake ni juhudi za mradi wa GNOME za mwaka 2006 za kuwavuta wanawake. Suala linalojadiliwa hapa ni moja tu, nalo ni namna mwanagenzi anavyochaguliwa.

Katika mpango wa kwanza mwombaji huandika pendekezo la kazi, na miradi husika huyapima mapendekezo hayo. Katika wa pili mwombaji huanza kwa insha fupi kuhusu vikwazo vilivyomkabili. Akivuka, hupewa takriban mwezi mmoja wa kuchangia kazi halisi, na kazi hiyo ndiyo humwongoza mlezi katika uteuzi. Utaratibu huu wa pili ni bora, kwa kuwa kinachopimwa ni kazi yenyewe wala si ahadi ya kazi. Hata hivyo, hapana budi kutazama ni nani anayefika hatua hiyo.

Achukuliwe kijana wa Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, magharibi mwa Kilimanjaro. Nyumbani huenda anazungumza Kisiha au Kimaasai. Shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari masomo yakageuka Kiingereza. Kijana huyu anatakiwa aeleze vikwazo vyake kwa lugha ambayo yenyewe ni mojawapo ya vikwazo hivyo! Akivuka, mwezi wa kuchangia hauna malipo, ilhali bando hununuliwa na kompyuta huazimwa. Mwenzake aliye karibu na maabara ya chuo mjini Moshi atawasilisha kazi nyingi zaidi, na mlezi aliye Ulaya ataona idadi tu.

Yawezekana kupinga kwamba Kiingereza ndicho lugha ya miradi hii, na kwamba mlezi na mwanagenzi lazima waelewane. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini kusoma maelekezo na kuripoti hitilafu ni stadi moja, na kusimulia maisha kwa ufasaha ni nyingine. Mchujo wa sasa unazichanganya.

Aidha, ziko kazi ambazo mwombaji huyo angewashinda wengi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na waliofasiri programu tangu hapo wanaijua shida ya ngeli. Msimbo ulioandikwa kwa mazoea ya Kiingereza huacha pengo la nomino na pengo la idadi, kitenzi kikabaki kilekile. Kwa Kiswahili vitabu 3 vimefutwa, picha 3 zimefutwa, majina 3 yamefutwa. Kiolezo kimoja hakiwezi kuzitosheleza sentensi hizo. Kijana wa Sanya Juu huliona kosa hilo papo hapo. Mtunzi wa msimbo asiyejua Kiswahili hata hajui kwamba lipo.

Kwa hiyo idara za Kiswahili zinapaswa kuingia katika ulezi huu badala ya kusubiri kuombwa istilahi. Kila mradi wenye tafsiri ya Kiswahili ungekuwa na walezi wawili, mmoja wa msimbo na mmoja wa lugha, na jaribio la mchujo lingekuwa kurekebisha sentensi kumi za aina hiyo pamoja na msimbo unaozizalisha. Maelezo ya mwombaji yangepokelewa kwa Kiswahili. Jaribio la namna hiyo humalizika kwa siku moja, hata kwa kompyuta ya kuazima.