Ushauri wa Simu wa Watu wa Baridi Unatuulia Betri

Leo sina habari ya simu mpya. Leo nina ubishi na watu wangu, sisi tunaojiita matechie, tunaomwaga vidokezo vya simu kila siku mtandaoni. Nasema wazi: ushauri mwingi tunaosambaza haukutengenezewa mtu wa Katilu, Lodwar wala Kakuma. Mtu anachukua video ya jamaa wa California, anaitafsiri, anaongeza biti kali, basi. Halafu msee wa huku anaufuata, simu inakufa, bando inaisha, na anaambiwa ni yeye hajui kutumia simu.

Tuanze na betri. Kila mtu amesikia ile ya "usichaji kupita 80, usiache ishuke chini ya 20." Kikemia iko sawa, betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa pomoni wala kukauka kabisa. Lakini huo ni ushauri wa mtu mwenye soketi kando ya kitanda. Huku wengi wanachaji kwa kulipa. Unaacha simu kibandani asubuhi, unarudi jioni. Sasa nikilipia chaji niondoke na 80, zile 20 nimwachie nani? Na kesho nikishuka hadi 20 nitafute wapi soketi? Tuache kuwaaibisha watu kwa sheria ambayo maisha yao hayairuhusu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba tunanyamaza kuhusu adui mkubwa, ambaye ni joto. Apple wenyewe wameandika kwamba simu zao hustarehe kwenye nyuzi 16 hadi 22, na kwamba joto la mazingira likipita 35 linaweza kuharibu uwezo wa betri moja kwa moja, yaani haurudi tena. Bana, 35 Lodwar ni mchana wa kawaida, hakuna mtu anaipigia kelele! Kile wanachokiita hatari, sisi tunakiita Jumanne. Na Android yako haina betri ya miujiza, kemia ni ileile.

Kwa hivyo vidokezo vya huku ni hivi. Ukichajia sola, paneli ikae juani lakini simu ikae kivulini. Tafuta waya mrefu. Kuilaza simu kando ya paneli juu ya mabati ni kuipika. Toa kava ukichaji, kwa sababu kava inafungia joto ndani. Usicheze gemu wala kuwasha hotspoti simu ikiwa kwa chaja saa nane mchana. Kama unaweza kuchagua, chaji jioni au alfajiri. Na ukiona imekwama kwenye 80 na haipandi, usikimbilie kulipa fundi. Simu nyingi, iPhone zikiwemo, husimamisha chaji makusudi zikipata joto sana. Iache ipoe kwanza. Kuipoesha si kuiweka kwenye friji ya soda, unyevu utaingia ndani na utakuwa umebadilisha shida moja kwa nyingine.

Uongo wa pili: "funga programu zote ulizofungua, utaokoa chaji." Mwaka wa 2016 mteja alimuuliza bosi wa Apple, naye Craig Federighi, mkubwa wa programu pale, akajibu kwamba haisaidii. Hiroshi Lockheimer wa Android naye akakubaliana. Sababu ni rahisi. Programu uliyoiacha nyuma mara nyingi imegandishwa tu. Ukiifuta halafu uifungue tena, simu inaanza kazi upya, inakula chaji, na nyingine zinavuta data upya. Hiyo data umeinunua! Badala yake, ingia kwenye mipangilio uzuie data ya chinichini kwa zile programu zinazokula sana. WhatsApp nayo, zima upakuaji wa video na picha wa moja kwa moja unapotumia data ya simu. Makundi ya harusi na ya mazishi yanaweza kumaliza bando, na hakuna anayekuambia.

Uongo wa tatu una hatari kubwa zaidi. Kuna wenzetu wanasukuma GB WhatsApp na ndugu zake kama "WhatsApp ya wajanja." Hizo hazitoki kwa WhatsApp, hazipo Google Play, na akaunti yako inaweza kufungiwa. Mwaka wa 2022 Kaspersky walipata kirusi cha Triada ndani ya toleo la YoWhatsApp, na lilikuwa linaiba funguo za akaunti za watu. Simu hiyohiyo ndiyo ina M-Pesa yako, ujumbe wa benki na picha ya kitambulisho. Kwa wengi huku simu ni moja kwa nyumba nzima, kwa hivyo ukiipoteza wewe, mama naye amepoteza hela ya mbuzi aliyouza. Ujanja uko wapi hapo?

Najua mtaniambia, "lakini sasa kuna Starlink, kila mtu atakuwa sawa." Kweli, imekuwa Kenya tangu Julai 2023. Lakini intaneti ya angani haipoezi simu, na si kila boma lina bei ya hicho kisahani. Hata umeme, bwawa la Turkwel liko juu ya mto huuhuu unaonywesha mashamba ya Katilu. Lina megawati 106 tangu 1991, na laini yake kubwa ilivutwa kwenda Lessos. Kitu kuwa karibu nawe hakumaanishi kimekufikia.

Wengine mtasema kidokezo ni kidokezo, asiyekitaka akiache. Hapana. Aliye Nairobi akipotoshwa anapoteza dakika tano. Wa huku anapoteza pesa ya bando, siku ya kwenda kutafuta fundi, na pengine simu yenyewe.

Kwa hivyo matechie, kabla hujaposti, jaribu kidokezo chako kwa simu ya bei ya chini, kwa data uliyonunua mwenyewe, mchana wa joto. Ukiambia watu wasasishe simu, waambie pia kwamba usasishaji mkubwa unaweza kula gigabaiti nzima, wausubirie mahali penye Wi-Fi, lakini wasiuache kabisa kwa sababu ndio unaziba matundu ya wezi.

Na nyinyi wa Lodwar, Kakuma, Lokichar, Kainuk: ni ushauri gani wa simu mmeufuata ukawagharimu? Andikeni hapa chini. Nitaujaribu kwa simu yangu ya zamani, mchana, na nitawaletea majibu.