Mtoto anayepepesa macho asikemewe

Nafundisha darasa la pili hapa Bagamoyo. Kila Januari, kaskazi ikivuma na shule zimefunguliwa, napokea mtoto mmoja au wawili wanaopepesa macho bila kutulia. Nyumbani wameshakemewa, wengine wameshapigwa. Bibi kasema ni kijicho cha jirani, mtoto kavishwa hirizi. Mama kanunua dawa ya matone kwa kuelekezwa na muuzaji wa duka. Hakuna aliyekaa chini akamtazama mtoto.

Mtazameni. Anayefikicha macho kutwa, yamekuwa mekundu na yanatoa ute unaovutika kama uzi, huyo anawashwa. Mara nyingi ni aleji, nayo huwapata zaidi wavulana. Vumbi huichochea, na moshi wa kuni pale wanapokaangia samaki humzidishia adha mtoto anayeshinda na mama yake sokoni.

Kwenye matone ndipo ninapokasirika. Baadhi yana steroidi. Mwasho unakatika upesi, mzazi anashukuru, chupa ikiisha ananunua nyingine. Miezi ikipita, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote ikaharibu neva ya jicho, au lenzi ikaingia ukungu, mtoto wa miaka minane akapata ugonjwa tuliouzoea kwa wazee. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini chini ya daktari anayepima presha ya jicho, si kwa kukisia dukani.

Mwingine hawashwi wala macho si mekundu. Anapepesa zaidi akiitwa mbele kusoma, au nyumbani kukiwa na ugomvi. Misuli ya kope inacheza yenyewe. Madaktari wanaiita tiki. Huanza sana kati ya miaka 4 na 7, huja na kuondoka, na kwa watoto wengi huisha ndani ya mwaka. Kumkemea kunaizidisha. Darasani kwangu ni marufuku kumwigiza mwenzako, na walimu wenzangu nawaomba wafanye hivyohivyo.

Yupo pia asiyeona ubao. Huyo namsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi, anafunika jicho moja kisha la pili. Chati ni karatasi tu. Halmashauri ingeweza kuzifikisha shule zote za msingi, kuanzia Mapinga hadi Kaole, na kila mtoto wa darasa la kwanza akapimwa kabla hajaitwa mzito.

Kupepesa kunakonitia hofu ni kwa mtoto anayekatisha neno katikati, macho yakaganda, kope zikachezacheza, ukimwita hasikii. Baada ya sekunde chache anaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Huyo hana dharau, wala msimwite mwenye mashetani. Inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. Andikeni imetokea mara ngapi, saa ngapi, kisha mumpeleke hospitali ya wilaya.

Jicho linalouma, linalokimbia mwanga au lenye weupe kwenye mboni halingoji mwisho wa mwezi. Hospitali ya wilaya wakiona haja watawapa rufaa, na basi la asubuhi linawafikisha Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT kule Msasani. Mkienda, bebeni na ile chupa ya matone, hata kama imekwisha, daktari asome mtoto alikuwa anatiwa nini.