Santuri za babu si takataka

Jamani wadau, juzi narudi nyumbani Kurasini nakuta santuri za babu zimetolewa nje, zinasubiri gari la taka. Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz! (Jazz yetu ya magitaa na rumba, si ile ya Marekani.) Mama anasema gramafoni ilishakufa siku nyingi, na nyimbo zenyewe ziko kwenye simu. Mi nakataa. Simuni kwangu zimeandikwa "zilipendwa 07", basi. Lebo ya santuri inakupa bendi na mtunzi. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa 1979. Hao nitakaowafundisha historia watamjuaje kwa "07"? Nimezibeba zote hadi hosteli, ziko uvunguni. Mwenzangu wa chumba kanuna. Mwenye gramafoni nzima anistue, nitakuja nazo.